Kutenganisha puli ya krenki na pampu ya maji zilizoganda wakati wa kubadilisha taimingi belti

Kwenye injini ya 3S-FE, inayopatikana katika Toyota Ipsum na RAV4 nyingi za miaka ya 1990 ambazo bado zinatembea Dodoma, mkanda wenyewe (taimingi belti, unaozungusha kemshafti kwa nguvu ya krenki) haumsumbui sana fundi. Kinachomla muda ni puli ya krenki (gurudumu lililo mwishoni mwa mhimili mkuu wa injini) iliyoganda mbele ya mkanda na pampu ya maji iliyoganda nyuma yake, na kwa kuwa kila moja hugandishwa na kitu chake, dawa ya moja haifai kwa nyingine.

Chomoa waya wa hasi wa betri, simamisha gari juu ya stendi imara na utoe tairi la mbele la kulia. Anza na bolti ya puli kabla hujagusa mkanda, kwa sababu nguvu ya kuilegeza inaweza kuzungusha krenki na kukupotezea alama za taimingi, zile zinazoonyesha mkanda unavyopaswa kukaa. Funga pleti nene ya chuma kwenye matundu mawili yenye nyuzi yaliyo usoni mwa puli, iegemeze mahali imara, kisha uivute bolti kwa spana ndefu kinyume cha mwendo wa saa. Wapo wanaoegemeza spana kwenye chasisi na kupiga stata. Naomba sana usifanye hivyo, kwani spana ikichomoka huweza kuvunja mkono wa mtu. Bolti ikishalegea, zungusha krenki hadi alama zote zilingane, ndipo uendelee.

Puli hugandishwa na kutu. Vumbi la kiangazi huchanganyika na oili inayovuja kwenye sili, kisha maji ya mvua huingia kati ya puli na shingo ya krenki, pahala ambapo hapana nafasi hata ya unywele. Puliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye mduara huo, uyaache yafanye kazi kwa saa moja au zaidi. Rudisha bolti ya katikati nyuzi kadhaa, ukiacha nafasi ya milimita 10 hivi chini ya kichwa chake, ili pula (kifaa cha kuvutia puli) ikandamize kichwa hicho badala ya kuharibu nyuzi za krenki. Pula iwe ya kushika matundu mawili ya puli. Ile ya makucha inayovuta ukingo wa nje haifai, kwa sababu puli hii ina pete ya mpira kati ya kitovu na ukingo, na mpira ukichanika puli hiyo si ya kurudishwa tena. Moto nao usiutumie: utaunguza mpira na sili kwa pamoja. Kaza pula kidogo, gonga kichwa chake taratibu, subiri, kaza tena. Mkanda ukishatolewa, gia ndogo ya krenki iliyo nyuma ya puli, ikikataa kutoka kwa mkono, isukume kwa bisibisi mbili pande zote kwa zamu, ukiweka vitambaa chini yake.

Pampu huzungushwa na taimingi belti, hivyo ni busara kuibadilisha siku hiyo hiyo. Hapa Dodoma huganda kwa sababu ya maji. Visima vyetu vina chumvi na madini mengi, na wenye magari huyamimina maji hayo kwenye rejeta. Ipsum moja niliyoifungua, mapanga ya pampu yalikuwa yamevaa ganda jeupe, gumu kama lile la ndani ya birika, na alumini iliyozunguka matundu ya bolti ilikuwa imelika na kuacha unga.

Mwaga maji yote, toa bolti na uzichomeke kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio wake, maana hazilingani urefu. Hakikisha hakuna iliyobaki, kisha gonga mwili wa pampu kwa nyundo ya mpira, huku na huku, hadi gasketi iachie. Usipenyeze bisibisi kati ya nyuso mbili za alumini, kwani mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha maji. Mabaki ya gasketi yakwangue kwa plastiki au mti.

Wakati wa kufunga, bolti ya puli hukazwa kwa nyutoni-mita 108. Zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili na ukague alama upya. Ukisikia inakwama, simama na urudi nyuma. Jaza kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi wala madini, washa injini hadi ipate joto, kisha kagua kitundu kidogo cha chini ya pampu kama kina tone.