Kabla hujanunua kitabu kipya cha mapishi

Shoga, mwaka huu vitabu vya mapishi ni vingi na picha zake zinatia njaa, ila usiingie mkenge. Mie nikikishika tu natafuta mkate wa kumimina, nione kama wamesema uroweke mchele usiku kucha, uusage na tui zito, iliki na hamira, halafu usubiri uumuke ndo umimine, wakiandika unga wa paketi nakirudisha hapo hapo. Vipimo pia. Kikombe chao ni mililita 240 au 250, sio hivi vyetu vya kahawa! Oveni nyuzi 180 sawa, je sie wa mkaa juu na chini? Basi azima kwanza kwa mwenzio, upike pishi moja bila kubadilisha kitu, watoto wakikomba sufuria kanunue.