Jinsi ya kuunganisha mbinu za ushauri nasaha bila kumchanganya mteja

Nimeandika hatua hizi baada ya kumsaidia mshauri nasaha mwenzangu anayeanza kazi hapa Kisumu. Nadharia amezisoma vizuri, lakini kila kikao alileta mpya: leo utoto wa mteja, wiki ijayo fikra zake, inayofuata kiti kitupu, yaani kuongea na asiyekuwepo kana kwamba ameketi hapo. Wateja wakaanza kukosa kuja. Kuunganisha mbinu si kuzibeba zote kwa pamoja. Ni kuwa na msingi mmoja, kumwelewa huyu aliyeketi mbele yako, kisha kuchagua mbinu ambayo sababu yake unaweza kumweleza kwa sentensi moja.

Nitatumia mfano niliotunga kutokana na mambo tunayokutana nayo mara nyingi: mama mjane wa Nyalenda, muuza omena soko la Kibuye. Usiku halali, sokoni ameacha kwenda, na shemeji zake wanalitaka shamba.

Hatua ya 1: Kuwa na msingi

Msingi wangu ni wa mwanasaikolojia Carl Rogers, aliyeeleza mwaka 1957 kwamba mteja hubadilika anapokutana na mtu anayemwelewa kwa dhati, anayemkubali bila masharti na asiyejifanya. Juu yake naweka mambo matatu ya mwanasaikolojia Edward Bordin ya mwaka 1979: tumekubaliana lengo, tumekubaliana kazi ya kufanya, na tunaaminiana. Ukiwa na msingi mwingine, sawa, ila uwe nao.

Hatua ya 2: Pima, na uulize kuhusu usalama

Mambo ya siri, mipaka yake na ridhaa unayajua. Kwa sonona natumia dodoso la PHQ-9: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27, na kuanzia 10 nachukulia kwa uzito. Usimpe mteja karatasi ajaze peke yake; msomee kwa lugha anayoielewa. Swali la tisa ni la kutamani kufa au kujidhuru. Liulize wazi, kwa sauti ileile uliyotumia kuulizia usingizi. Wapo wanaokana kwa kuogopa polisi, kwa hiyo waambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai ni kinyume cha Katiba. Akikubali kwamba ana mawazo hayo, weka kando hatua zote zinazofuata mpaka usalama wake upangwe na mtu wa karibu ajulishwe.

Uliza pia kuhusu dawa. Dolutegravir, inayotumiwa na watu wengi wanaoishi na VVU, huweza kusumbua usingizi. Huenda kliniki wakamshauri aimeze asubuhi. Mwambie aulize huko, na kamwe asiiache.

Hatua ya 3: Andikeni karatasi moja

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu hukimbia. Chukua karatasi moja na penseli. Sizipendi fomu za kuchapa zenye visanduku kwa Kiingereza. Mteja huziona kama mtihani. Andika mbele yake, kwa maneno yake, majibu ya maswali matano: Nini kinakusumbua sasa? Nini cha zamani kilikuweka karibu na hali hii? Nini kiliichochea? Nini kinaifanya iendelee? Nini kinakushikilia usianguke?

Swali la nne ndilo linalochagua mbinu, na ndilo gumu kuliko yote. Kwa mama wetu jibu la haraka ni "kifo cha mume". Hicho ni kichochezi. Kinachoendeleza ni kingine: hatoki nyumbani, kwa hiyo hana kipato wala wa kuongea naye, usiku anahesabu deni, na mashemeji wanaendelea kuja. Ukichanganya hivi viwili utatumia miezi ukizungumzia msiba huku njaa na kesi ya shamba vikimmaliza.

Halafu kuna chira, yaani laana ambayo Wajaluo huamini humpata anayevunja mila. Mama anasema amekataa kurithiwa na shemeji, na anaogopa chira itawaangukia watoto. Mshauri aliyetoka kwenye mafunzo ya tiba ya fikra na tabia atataka kuiandika kama fikra potofu na kuomba ushahidi. Usifanye hivyo. Imani ya jamii nzima si kosa la kufikiri la mtu mmoja, na ukiibishia atakuitikia kwa adabu kisha asirudi. Lakini usiiache tu kwa kuwa ni mila. Uliza: "Mama, neno hili ulilisikia kwa nani mara ya mwisho?" "Wewe mwenyewe unaliamini kiasi gani?" "Kanisani kwenu wanasemaje?" "Ni nani katika ukoo unayemheshimu, ambaye angekusikiliza?" Majibu yatakuonyesha kama hofu ni ya chira yenyewe, ya watu wanaoitaja ili kumsukuma, au ya vyote viwili. Ikiwa ni ya watu, jambo limehama: sasa ni usalama na haki, na linaandikwa hivyo kwenye karatasi. Ikiwa ni ya chira yenyewe, mwulize ni nini kingempa amani kulingana na imani yake, na umwachie uamuzi.

Karatasi hii huchukua vikao viwili, wakati mwingine vitatu. Vumilia. Mwisho msomee yote na uulize, "Nimekosea wapi?" Asiporekebisha chochote, rudia swali, wengi wetu tumelelewa kutompinga mtu wa ofisini.

Hatua ya 4: Linganisha mbinu na kinachoendeleza

Kujifungia ndani: mpangilio wa shughuli ndogo ndogo, mfano kwenda Kibuye asubuhi moja tu, bila lengo la mauzo. Fikra za kujilaumu: mbinu za Aaron Beck, mwasisi wa tiba ya fikra. Msiba uliokwama: muda wa kumzungumzia marehemu. Kiti kitupu siwapendekezei wajane wa huku mpaka umeuliza, kwa maana kuzungumza na marehemu kunaweza kumtisha badala ya kumfungua. Shamba: hilo si la kutibiwa kwa mazungumzo. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu, mwelekeze huko. Mimi huanza na usingizi na shughuli kabla ya mambo ya kale, kwa sababu mtu asiyelala hana nguvu za kufungua majeraha.

Hatua ya 5: Ukibadilisha mbinu, sema

"Mama, wiki zilizopita tulipanga shughuli. Leo naona msiba ndio unaokulemea. Tuuzungumzie, au tuendelee na mpango?" Badilisha kwa sababu karatasi imebadilika. Ukichoshwa na mbinu, hilo ni la kumpelekea msimamizi wako. Rudia PHQ-9 kila baada ya vikao vinne hivi. Alama zisiposhuka, rudini kwenye swali la nne kabla ya kutafuta mbinu mpya.

Hatua ya 6: Kumbukumbu

Tumia namba badala ya jina, kabati lenye kufuli, na usiweke chochote cha mteja kwenye WhatsApp; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatuhusu. Unapokwenda kwa msimamizi, beba nakala ya karatasi ile isiyo na jina, uwe umezungushia penseli kinachoendeleza, na uanzie hapo.