Kutoka ndala kwenda gambuti: andaa miguu kabla ya masika

Masika yanapoingia mwezi Machi, mguu uliozoea ndala kiangazi chote huchomekwa ghafla kwenye gambuti au kiatu cha kufunika. Haichukui wiki: malengelenge yameshatoka, vidole vinawasha, kucha ya kidole gumba inauma. Maandalizi yaanze wiki mbili kabla ya mvua, mguu ukiwa bado mkavu.

Cha kwanza ni magaga. Ndala haishiki kisigino, kwa hiyo kila unapokanyaga nyama yake hutanuka pembeni, na ngozi kavu yenye sugu haivutiki; inapasuka. Tafadhali usiyachukulie kama jambo la urembo tu. Madimbwi ya mvua huweza kuwa na mkojo wa panya au mifugo wenye vimelea vya homa ya mgunda, ugonjwa uliozuka mkoani Lindi mwaka 2022, na vimelea hivyo hupita kwenye ngozi yenye michubuko au mipasuko.

Loweka miguu dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu, bila sabuni ya unga. Sugua visigino taratibu kwa jiwe la miguu, uache mara ngozi inapolainika. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa wiki, si zaidi, kwa sababu ngozi inayosuguliwa kila siku hujikinga kwa kuota sugu nene kuliko ya mwanzo. Wembe usiuguse kabisa. Jifute, na ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo paka mafuta ya mgando, vaa soksi za pamba, ulale nazo. Sugu iliyokomaa inahitaji krimu ya urea ya asilimia 20 hadi 25, inayouzwa maduka ya dawa. Mpasuko unaotoa damu haupakwi urea wala hausuguliwi: uoshe kwa maji na sabuni, ukaushe, uufunike mpaka ufunge. Mafuta yaishie kisiginoni na kwenye wayo. Kati ya vidole pabaki pakavu.

Kucha zikate kwa mstari ulionyooka. Ukizungusha pembeni, kiatu cha kufunika huisukumia nyama juu ya ncha na kucha huota ndani yake.

Kiatu kipime jioni, miguu ikiwa imetanuka, ukiwa umesimama na soksi utakazovalia. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya sentimita 1. Gambuti kubwa kupita kiasi ni mbaya vilevile, maana kisigino hupanda na kushuka humo mpaka kichubuke. Kiatu cha mtumba kitoe soli ya ndani uitupe, kwani imeshika umbo la mguu wa mtu mwingine na huenda ina fangasi wake. Kioshe, kianike mpaka kikauke kabisa, kisha weka soli mpya. Siku ya kwanza kivae saa 1 tu, uongeze kidogo kidogo. Mahali panapoanza kuchoma, bandika plasta papo hapo. Lengelenge usilitumbue, likipasuka lenyewe, ngozi yake iache palepale, ioshe na kuifunika.

Raba haipitishi hewa, kwa hiyo jasho la asubuhi bado limo ndani ya gambuti jioni. Beba soksi za kubadilisha mchana. Ukirudi, futa ndani, jaza magazeti, yabadilishe yakilowa. Usianike karibu na jiko: raba hupasuka na gundi huachia.

Fangasi huanzia mara nyingi kati ya kidole cha mwisho na jirani yake: ngozi huwa nyeupe, laini, inayowasha. Paka krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 mara mbili kwa siku kwa wiki 4. Wengi huacha muwasho unapokoma, ndiyo maana fangasi hurudi. Krimu za mchanganyiko zenye betamethasoni usizitumie bila ushauri wa daktari. Hutuliza muwasho huku fangasi wakizidi kuenea.

Mwenye kisukari asitumie jiwe, na maji ayapime kwa kiwiko, kwani mguu uliokufa ganzi hausikii moto. Apapase ndani ya kiatu kwa mkono kabla ya kukivaa, akague nyayo kila usiku. Akiona kidonda, hata kidogo kisichouma, aende kituo cha afya siku hiyohiyo.