SOMO: Kufundisha mmomonyoko wa udongo kwa mfereji wa mtaani kwenu (soma yote ndo uulize)

Walimu wenzangu wa jiografia, naandika hapa mara moja ili nisiulizwe tena, maana wiki hii peke yake nimejibu hilohilo mara sita. Ni lile zoezi la madogo wa kidato cha pili kufuata maji ya mvua kutoka mlimani mpaka ziwani. Mimi niko Mwanza, kwa hiyo mfano ni wa hukuhuku: vilima vya mawe, nyumba zimebanana katikati ya miamba, maji yanashuka mpaka Mto Mirongo na Mirongo unamwaga ziwani. Aliyeko Musoma au Bukoba atabadilisha mwenyewe.

1. Chagua mfereji mmoja wa kufika kwa mguu. Mmoja.

2. Kibali cha mkuu wa shule na barua za wazazi. Mnajua.

3. Mtaa. Hapa ndo niliharibu. Mwaka wa kwanza nilipanda na watoto thelathini, chaki na futi kamba mkononi, tukawa tunachora X kwenye mawe na kuta kila baada ya mita kumi ili tujue pa kupimia. X! Mtu mzima na akili zangu. Haikupita nusu saa kina mama wametoka, mmoja na mwiko mkononi, wanajua tumetumwa kuhesabu nyumba za kubomoa, na mwenyekiti wa mtaa anasema yeye hana taarifa. Tulishuka bila kuaga.

Sasa hivi naenda kwa mtendaji na mwenyekiti wiki moja kabla, peke yangu, bila kamba. Nakaa na wakazi nawauliza maji yanawasumbua wapi, na swali lao ndo linakuwa swali la darasa. Alama ni kigingi chenye kitambaa, USICHORE X wala usitumie rangi nyekundu. Vyoo vya watu havipigwi picha. Halafu usipande na jibu lako mfukoni kwamba watu wa mlimani ndo wanachafua ziwa. Kule ukichimba kidogo umekutana na mwamba, hilo shimo refu la choo utalipata wapi, na gari la taka halipandi. Bibi mmoja alituambia tope linapita kwake ila halianzii kwake, madogo wakapanda kuangalia, wakakuta njia iliyochongwa juu yake imekusanya maji yote na kuyaelekeza mlangoni kwake. Basi hapo nikaacha kuuliza "nani anachafua" nikaanza kuuliza "maji yameelekezwa na nani, na anayelowa ni nani".

4. Udongo. Chota juu, katikati na chini, kila mmoja kwenye chupa ya plastiki angavu, robo tatu maji, sabuni ya unga kidogo, tikisa, weka dirishani usiguse. Mchanga unatua ndani ya dakika moja au mbili, tope laini baada ya saa kadhaa, mfinyanzi siku nzima au zaidi. Pima tabaka kwa rula.

5. Mteremko: mpira angavu wa maji wa fundi ujenzi, ule wa kupimia usawa. Tofauti ya kimo kati ya juu na chini gawanya kwa umbali.

6. Maji. Kopo lenye kamba, MTOTO HAINGII MAJINI. Ziwa letu lina kichocho, na konokono wake wanapenda hapo pembeni kwenye majani ambapo watoto wanapenda kusimama.

7. Kazi ya kujitolea. Kuzibua mfereji ni sawa, ila panga kwanza taka inaenda wapi. Sisi tuliirundika ukingoni, mvua ya usiku ikairudisha yote.

8. Rudisha majibu kwenye mkutano wa mtaa, watoto wenyewe waseme.

MASWALI

– Mwalimu, vifaa vinauzwa wapi na bei gani?
Chupa, kopo, kamba, rula. Hatua ya 4 mpaka 6. Soma.

– Hii si kuwafanyisha watoto kazi ya halmashauri bure?
Dada, wanazibua saa moja, na glovu, kwa ridhaa ya wazazi. Na kwenye hatua ya 8 wanasema hadharani ni kazi ya nani. Kama una njia bora iandike tuisome.

– Niko Ukerewe. Kwa nini juu nimepata kichanga tupu na huku karibu na ziwa mfinyanzi, wakati mwamba ni uleule?
Swali zuri sana hili. Mawe yetu ni granaiti, ndani yana madini ya kwozi na feldispa. Maji ya mvua yanaila feldispa polepole inageuka mfinyanzi, kwozi haiyeyuki kirahisi inabaki punje za mchanga. Mfinyanzi ni mwepesi kubebwa, unasafiri mpaka maji yatulie, mchanga unaachwa njiani. Na fosforasi inajishika kwenye hizo chembe laini, inafika ziwani inalisha mwani na magugu maji. Wape madogo lenzi waangalie mchanga, watapenda.

– Tukivuna maji ya paa inasaidia mfereji?
Sana, na ni hesabu nzuri ya darasani. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 40, mvua ya milimita 20, lita 800 hazijashuka kwa jirani. Simtanki lifunikwe tu, mbu.

– mwalimu naomba pdf
Hakuna.

– Sisi tumefunga nyavu ya dagaa mdomoni mwa mfereji inakamata taka, vipi?
Akili hiyo, ila matundu ni madogo mno, tope litaziba na maji yataingia ndani kwa watu. Weka waya wa kuku, na awepo mtu wa kuusafisha kila mawingu yakijikusanya. Sisi anausafisha yule mama wa mwiko.