Mashine pepe haijui kama diski imejaa: kuchunga seva kwa programu za bure

Jumamosi moja nilikuwa Ujiji, ndiyo kwanza nimeletewa sahani ya migebuka, simu ikaita: mfumo wa mapokezi hauhifadhi kitu. Nilikuwa nimeshaingia kwenye mashine pepe yake (kompyuta ya kiprogramu inayoishi ndani ya seva), nikaandika df -h kuona nafasi ya diski. Nafasi ipo, asilimia 40. Nikahangaika saa nzima na mahali pasipo na ugonjwa. Kumbe shida ilikuwa kwenye seva mama, kompyuta halisi inayozibeba mashine pepe: nilizigawia mashine pepe tano GB 200 kila moja, na hifadhi yenyewe ni GB 800. Kila moja inaamini ina chake, hifadhi imejaa pomoni.

Natumia Proxmox VE, programu ya bure ya kuendesha mashine pepe, inayotumia KVM juu ya Debian (aina ya Linux).

1. Ingia kwenye seva mama kama root (msimamizi mkuu), andika lvs, ikuonyeshe hifadhi imejaa asilimia ngapi. Soma mstari wa data, safu ya Data%, na Meta% pia. Ikipita 80, usiongeze mashine wala snapshoti (nakala ya hali ya mashine ya wakati fulani). Mimi nilimalizwa na snapshoti nilizozisahau.

2. Mlinzi, yaani programu ya kuichunga seva, akae kompyuta nyingine. Seva ikizima asizime nayo. Nilichukua laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka. Betri yake bado inashika chaji, kwa hiyo umeme ukikatika nina UPS ambayo sikuinunua. Weka Docker (chombo cha kuendeshea programu), kisha Uptime Kuma, ndiyo mlinzi mwenyewe:

docker run -d --restart=always -p 3001:3001 -v uptime-kuma:/app/data --name uptime-kuma louislam/uptime-kuma:1

Fungua anwani ya laptopu kwa poti 3001, tengeneza akaunti, unganisha Telegram.

3. Hapa ndipo penyewe. Ongeza kipimo cha aina ya Push, utapewa anwani ya kuweka penye ANWANI_YA_PUSH hapa chini. Seva mama itapiga hodi hapo kila dakika. Ikinyamaza, simu yako inalia. Andika /usr/local/bin/hodi.sh:

#!/bin/bash
D=$(/usr/sbin/lvs --noheadings -o data_percent pve/data | tr -d ' ' | cut -d. -f1)
[ "$D" -lt 80 ] && curl -fsS "ANWANI_YA_PUSH"

Ipe ruhusa kwa chmod +x, halafu kwenye crontab -e (ratiba ya cron, inayoendesha kazi zenyewe kwa saa zake):

* * * * * /usr/local/bin/hodi.sh

Seva ikifa, hodi hakuna. Hifadhi ikifika 80, hodi hakuna vilevile.

4. Mashine pepe zenyewe ziwekee ping tu, kuuliza kama zipo hewani. Dakika tano kazi imeisha.

Maswali

– Mkuu, nikiiendesha kwa mkono inakubali, kwenye cron kimya.
Umeandika lvs tupu. Cron haitafuti ndani ya /usr/sbin, mpe njia nzima kama nilivyoandika.

– Nimefuta mafaili ya GB 60 ndani ya mashine pepe, Data% haijashuka hata kidogo.
Kufuta ndani hakurudishi nafasi chini. Weka tiki ya Discard kwenye diski ya mashine hiyo, izime kabisa uiwashe, kisha ndani yake andika fstrim -av. Kama kuna snapshoti ya zamani, nayo bado imeshikilia hizo GB, ifute.

– Kaka, kwa nini si Zabbix, ule mfumo mkubwa wa kuchunga seva?
Nzuri, na ni bure. Ukiwa na seva 20 nenda nayo. Kwa seva moja utatumia muda mwingi kuichunga yenyewe.

– Intaneti ya ofisi ikikatika, Telegram itafikaje?
Haifiki, dada. Kodi seva ndogo nje ya ofisi, weka Uptime Kuma ya pili huko, uongeze curl ya pili kwenye hodi.sh. Hiyo utailipia.