Somo: Namna ya kulifanya darasa zima lifikiri, si wale watatu wa mbele tu

Walimu wenzangu, hali hii mnaijua. Unauliza "Mmeelewa?", darasa linaitikia "Ndiyooo!", kesho yake unasahihisha madaftari na kukuta nusu wamekosa. Nilifundisha hivyo kwa miaka, na iliniuma. Mbinu za kuchangamsha darasa ni nyingi. Leo naeleza moja tu, ile iliyonibadilishia vipindi vyangu: kila mmoja afikiri, ajadili na jirani, kisha alieleze darasa.

Hatua ya 1: Andaa swali kabla hujaingia darasani. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Tafuta swali ambalo anayekosa ana sababu ya kukosa. Mfano: theluthi moja na robo moja, ipi kubwa? Wengi watasema robo, kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 3. Kosa hilo lina mantiki yake, kwa hiyo lina mjadala. Swali la kukumbuka jina au mwaka halifai: anayejua anajua, asiyejua hana pa kuanzia kufikiri.

Hatua ya 2: Uliza, kisha nyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani, katika miaka ya 1970, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza. Kwa kawaida ilikuwa kama sekunde 1 tu! Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, ukimya wa kushindwa kujibu ukapungua, na wanafunzi waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kuchangia. Mimi huhesabu kimoyomoyo hadi tano. Mwanzoni kimya hicho kinatisha. Kivumilie, na usirudie swali.

Hatua ya 3: Kila mmoja aandike jibu lake. Neno moja linatosha. Aliyeandika ameshachagua upande.

Hatua ya 4: Wageukiane wawili wawili. Dakika moja au mbili, kila mmoja amweleze mwenzake kwa nini. Utaratibu huu wa kufikiri, kujadili na jirani, kisha kulieleza darasa uliasisiwa na mtaalamu wa elimu wa Marekani, Frank Lyman, mwaka 1981. Wewe pita kati ya madawati usikilize. Usisahihishe bado. Makosa utakayoyasikia hapo ndiyo somo lako la dakika kumi zijazo.

Hatua ya 5: Rudisha kwa darasa zima. Usingoje mikono. Chagua mwanafunzi, umuulize: "Wewe na mwenzako mmefikia wapi?" Jibu si lake peke yake, hivyo hofu inapungua. Akijibu, usiseme "sahihi" papo hapo. Muulize mwingine kama anakubali na kwa nini. Mwisho wape vipande viwili vya karatasi vilivyo sawa, kimoja wakigawe sehemu tatu sawa, kingine sehemu nne sawa, walinganishe kipande kimoja kimoja na kujionea.

Maswali ya walimu wenzangu

*Mwalimu, nina wanafunzi 80. Si itakuwa vurugu?*
Kelele zitakuwepo, ila ni za kazi. Mtu asihame, azungumze na jirani wa dawati lake. Kubalianeni ishara moja, kwa mfano ukiinua mkono kila anayeuona anainua wake na kunyamaza. Wafundishe ishara hiyo siku ya kwanza, kabla ya swali lolote.

*Nitamaliza mada saa ngapi?*
Tumia mara moja au mbili kwa kipindi, pale tu unapojua huwa wanapotea. Kwingine eleza kama kawaida.

*Je, nitoe zawadi kwa wanaojibu?*
Kuwa makini, ndugu yangu. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett walifanya jaribio na watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora walikuja kuchora kwa muda mfupi kuliko wengine wakati wao huru. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu. Badala ya zawadi, taja alichofanya: "Umebadili jibu baada ya kumsikiliza mwenzako, na umetupa sababu."

*Ninaye mmoja haongei kabisa, hata na jirani.*
Usimsimamishe mbele ya wenzake. Pita kwenye dawati lake wakati wa kuandika, usome jibu lake, umwombe ruhusa kwa sauti ya chini uliandike ubaoni bila kutaja jina. Wangu mmoja alinitikisia kichwa tu kwa wiki kadhaa. Kisha siku moja alininong'oneza: "Mwalimu, leo nitasoma mwenyewe."