Mzee anaanza dawa ya saratani ya tezi dume: ya kupanga kabla ya sindano ya kwanza

Saratani ya tezi dume ikishafika kwenye mifupa, watoto hukimbilia kuuliza bei ya sindano. Ulizeni pia kama mtaweza kuilipa mwakani na mwaka wa pili. Dawa hizi zinainyima saratani chakula chake, testosteroni, homoni inayotoka hasa kwenye korodani. Mkikosa dozi, chakula kinarudi.

Kwa hiyo msidharau upasuaji wa kutoa korodani. Unafanywa hata kwa ganzi ya sehemu tu, homoni inashuka ndani ya saa chache, na baada ya hapo hakuna cha kununua kila miezi 3. Daktari anaweza kutoa nyama ya ndani na kuacha ganda, mfuko usibaki mtupu. Wazee wengi wanakataa kwa aibu kabla ya kuambiwa hilo. Mzee aulizwe faraghani, si mbele ya wakwe.

Kabla ya kuanza, labo ipime PSA (protini ya tezi dume inayoonekana kwenye damu), testosteroni, kreatinini (inayoonyesha hali ya figo), damu na sukari. Apimwe presha na ekografi ya figo na kibofu. Kreatinini ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: uvimbe unaweza kuziba njia ya mkojo, na wakati huohuo mzee anameza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoumiza figo, kwa ajili ya mgongo, kutoka famasia ya mtaani. Figo zinapigwa pande mbili. Mkojo ukiwa umeziba, sonda (mpira wa kutolea mkojo) kwanza.

Mkichagua sindano, goserelini ya 3.6 mg inadungwa kila siku 28, ya 10.8 mg kila wiki 12. Ni kijiti kidogo kinachopachikwa chini ya ngozi ya tumbo. Kisikae mahali penye joto zaidi ya nyuzi 25: usikisahau kwenye gari lililoegeshwa juani Kadutu, hapa Bukavu.

Mtego uko hapa. Sindano za aina hii huipandisha testosteroni kwanza, kwa wiki moja au mbili, ndipo ishuke. Mzee mwenye saratani kwenye uti wa mgongo anaweza kuzidiwa siku hizo. Ndiyo sababu daktari huandika bikalutamidi 50 mg, dawa inayozuia testosteroni isiifikie saratani, kidonge kimoja kwa siku, kuanzia siku chache kabla ya sindano mpaka wiki 3 au 4 baadaye. Isipoandikwa, ulizeni kwa nini. Upasuaji hauna tatizo hili, na degarelikisi, sindano ya aina nyingine, pia haina.

Miguu ikilegea au kufa ganzi, mkojo ukigoma, au maumivu ya mgongo yakizidi ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Huenda saratani imebana neva za uti wa mgongo. Anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea; aliyekwisha kupooza siku kadhaa, mara nyingi harudi. Mionzi ikihitajika, ulizeni mapema njia ya kwenda Kigali, kwenye hospitali ya kijeshi ya Kanombe.

Pengine ataongezewa abirateroni, dawa inayouzuia mwili kutengeneza testosteroni: vidonge 4 vya 250 mg kwa mara moja, tumbo tupu. Saa 2 kabla asile, saa 1 baada asile. Ugali na sambaza zikiwa tumboni, dawa inaingia mwilini kupita kiasi. Inakwenda na prednisoloni, ambayo haiachwi ghafla. Miezi 3 ya mwanzo ini hupimwa kila wiki 2. Presha na potasiamu navyo vifuatiliwe.

Umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu matibabu. Mwenye miaka 82 anayejivalia nguo na kukumbuka dawa zake anaweza kustahimili kuliko wa 70 anayehema akienda chooni. Joto la ghafla usoni litamjia, misuli itapungua, mifupa itadhoofika. Atembee kila siku, na taa iwake njia ya choo usiku: mfupa wa nyonga ukivunjika, matibabu yote yanavurugika.

Miezi 3 baada ya kuanza, PSA na testosteroni zipimwe pamoja. Testosteroni iwe chini ya 0.5 ng/ml. Ikiwa juu, huenda sindano ilichelewa au haikukaa vizuri. Ikiwa chini lakini PSA inapanda, saratani imejifunza njia nyingine. Dawa nyingine huongezwa, na ile sindano haikatizwi.

Andikeni kwenye daftari tarehe ya kila sindano, na agizeni inayofuata wiki 2 kabla.